Kioo Chekundu cha Upande wa Kusini

Nilipokuwa mtoto niliamini Krismasi ina mwanga wake. Sisemi nyota wala mishumaa. Nasema mwanga mwekundu wa damu ya mzee, mkubwa kama khanga iliyokunjwa mara nne, uliokuwa ukitua mwisho wa benchi la bibi, pale karibu na ukuta. Kanisa la parokia yetu, huko vijijini Iringa, altare yake iko magharibi, na wanawake walikaa kushoto, kwa hiyo walikuwa upande wa kusini. Ukutani kwao kulikuwa na madirisha matano marefu ya chuma, kila moja lina vipande tisa vya kioo: chekundu kimoja katikati, vingine vya njano na bluu iliyopauka. Juni na Julai, baridi inapouma mpaka pumzi inatoka kama moshi, vioo vile vilinuna, na bibi alikaa kwenye kivuli na blanketi begani. Desemba jua likipata upenyo kati ya mawingu ya mvua, ule mwanga ulishuka ukamkalia mapajani. Nilikuwa nauwekea kiganja. Kinakuwa chekundu, nakigeuza, bado chekundu.

"Bibi, umetoka wapi?"

"Umekuja Krismasi, mjukuu wangu. Tulia, padre anasoma."

Nikiwa darasa la sita ilinyesha mvua ya mawe ambayo mpaka leo wazee wa kule huitumia kuhesabia umri wa watoto. Ilipiga upande wa kusini. Kioo chekundu cha dirisha la bibi kikapasuka, pamoja na cha njano kilichokuwa juu yake. Wakaweka kile kioo cheupe chenye vinundu tunachokifunga bafuni. Simlaumu mtu, mvua ilikuwa inaingia ndani na kioo chekundu hakikupatikana. Lakini Krismasi ile bibi alikaa palepale, mwanga mweupe ukamwangukia mapajani, akaniinamia na kuniambia polepole, "Mwaka huu haujaja."

Leo mimi ni fundi wa alumini na vioo hapa Mbeya, Mwanjelwa. Madirisha ya kusukuma, milango ya maduka, kabati za kuonyeshea simu, na fremu za picha kwa anayetaka. Kioo nakijua kwa vidole. Watu hudhani tunakikata, lakini kioo hakikatwi. Unachovya gurudumu dogo la chuma kwenye mafuta ya taa, unalipitisha mara moja tu kwa mkono usiositasita, na sikio lako linakuambia kama mkwaruzo umekaa: unalia kama hariri inayochanwa. Ukisikia kama mchanga, umekosea. Kisha unagonga kwa chini, unakibeba ukingoni mwa meza, unakivunja kwa adabu, nacho kinafuata njia uliyokionyesha. Kurudia mkwaruzo juu ya mkwaruzo ni kuua kioo na kifaa kwa pamoja.

Miaka kadhaa iliyopita sista mmoja alikuja kibandani na picha mbili za karatasi akitaka fremu. Nilizilaza mezani. Jengo moja, mlango uleule wa kanisa kubwa, minara ileile. Ya kwanza ilikuwa ya bluu na kijivu kama asubuhi ya Uyole ukungu ukiwa bado chini. Ya pili ilikuwa ya rangi ya chungwa, mawe yanaonekana kama yameokwa. Nikamwambia, "Sista, hii ya pili mashine ya kuchapia iliishiwa wino wa bluu." Alicheka, akanieleza taratibu kwamba mchoraji ni mmoja, Claude Monet, kanisa ni moja, la Rouen huko Ufaransa, na kwamba picha za namna hiyo zipo zaidi ya 30.

Sikulala vizuri siku hiyo. Zaidi ya 30! Mwaka 1892 na tena 1893, kuanzia Februari hadi majira ya kuchipua, Monet alipanga vyumba vilivyotazamana na kanisa lile. Sehemu mojawapo aliyofanyia kazi ilikuwa duka la nguo za wanawake. Alipanga kanvasi kadhaa kwa pamoja, na jua likisogea anaacha moja anashika nyingine, mpaka kesho saa ileile irudi. Aliporudi nyumbani kwake aliendelea kuzihangaikia, nyingi akazitia saini ya 1894, na mwaka 1895 akaonyesha 20 mjini Paris. Kazi ile ilimtesa. Alimwandikia Alice, aliyekuja kuwa mkewe, kwamba aliota kanisa linamwangukia, mara la bluu, mara la waridi, mara la njano. Mimi namwelewa. Ukiangalia kitu kimoja muda mrefu kiasi hicho, nacho huanza kukuangalia.

Kilichonikamata si umaarufu wake. Ni kwamba hakuchora kanisa. Mawe ya Rouen yamesimama palepale. Kilichokuwa kinapita mbele yake ni mwanga, nao ndio aliokuwa anaukimbiza. Na mwanga ndio biashara yangu kutwa nzima, ila nilikuwa nauza mita za mraba.

Tangu hapo nikawa nasoma kila ninachokipata kwenye simu kuhusu wachoraji wa namna hii. Robert Delaunay mwaka 1909 aliingia ndani ya kanisa la Saint-Séverin, Paris, akachora nguzo zinapinda kana kwamba mwanga wa madirisha unazisukuma kwa bega. Mwaka 1912 akachora minara ya kanisa la Laon, na mwaka uleule akachora madirisha yanayoangalia jiji, mnara wa Eiffel umebaki kama kivuli cha kijani katikati ya vipande vya rangi. Ukitazama picha hizo bila kuambiwa utadhani ni kioo kilichounganishwa. Lyonel Feininger naye alirudi miaka na miaka kwenye kanisa moja la kijiji, Gelmeroda, huko Ujerumani, akilivunja kwa mistari kama mtu anayekata shuka la kioo.

Ninayempenda kuliko wote ni Georges Rouault, na sababu ni kwamba alikuwa mwanagenzi kama sisi. Alizaliwa Paris mwaka 1871 ndani ya chumba cha chini ya ardhi, mji ukipigwa mizinga. Akiwa na miaka 14 akapelekwa kwa fundi wa vioo vya rangi, wakawa wanakarabati madirisha ya kale ya makanisa. Baadaye akawa mchoraji mkubwa, lakini tazama picha zake: wafalme, wachekeshaji wa sarakasi, nyuso za Kristo, wote wamezungushiwa mistari mizito myeusi. Ile mistari ni risasi. Simaanishi risasi ya bunduki, namaanisha ile metali laini ya kijivu ambayo mafundi huitengeneza kama mkanda wenye mifereji miwili, kioo huku, kioo kule, kisha viungo vinapigwa lehemu. Mtoto wa miaka 14 alisafisha mistari ile kwa mikono yake, nayo haikumtoka mpaka kufa. Vijana wangu kibandani nimewasimulia habari hii mara nyingi, tena nitarudia.

Sasa, madirisha yenyewe. Chartres, kusini-magharibi ya Paris, kanisa liliungua mwaka 1194 na kujengwa upya, na sehemu kubwa ya vioo vyake vya karne ya 12 na 13 bado ipo mahali pake. Mwaka 1939, vita vilipokaribia, waliviteremsha vyote, kipande kwa kipande, wakavificha, kisha wakavirudisha. Nikifikiria kazi ile mikono inaniuma: fundi yeyote anajua kushusha kioo cha zamani ni kuomba Mungu.

Kioo chao kilianza na mchanga na majivu ya miti. Wakiongeza kobalti kinakuja bluu, ile bluu ya Chartres inayosifiwa. Wakiongeza shaba, kutegemea tanuri, kinakuja kijani au chekundu. Nyekundu ndiyo ilikuwa na kiburi: ikiwa nene kidogo inageuka nyeusi, mwanga haupiti. Kwa hiyo waliitandaza tabaka jembamba juu ya kioo cheupe. Gurudumu hawakuwa nalo. Walipitisha chuma cha moto juu ya kioo kikapasuka, kisha wakaguguna kingo kidogo kidogo mpaka umbo litokee. Nyuso na mikunjo ya nguo walichora kwa rangi nyeusi ya unga wa kioo na kutu ya chuma au shaba, wakachoma tena tanurini ishikane. Karne ya 17 Mjerumani Johann Kunckel alifanikiwa kutengeneza kioo chekundu kwa dhahabu. Habari hiyo niliisoma nikiwa kwenye basi kutoka Chunya, na nikawa naangalia milima ya Lupa, penye machimbo ya dhahabu, kwa jicho lingine, maana mji huu wa Mbeya ulianza mwaka 1927 kwa sababu ya dhahabu ile, na hakuna chembe yake ninayojua imewahi kuingia kwenye dirisha letu.

Chini kabisa ya madirisha mengi ya Chartres, mahali ambapo jicho la mtu aliyesimama linafika, hakuna watakatifu. Kuna watu wa mjini wako kazini. Waoka mikate na kikapu chao, washona viatu, maseremala, wabeba maji, wauza ngozi za manyoya wanamwonyesha mteja bidhaa. Jiji lote liliingia kanisani likakaa miguuni pa watakatifu, na jua likipita linawatandaza sakafuni wote pamoja. Nimejaribu kupanga dirisha la namna hiyo la Mbeya. Mama wa Uyole na gunia la viazi lililofungwa juu kwa kamba mpaka limevimba. Utingo amelala chini ya lori la kwenda Tunduma, miguu tu inaonekana. Mama ntilie. Mchimbaji wa Chunya na karai lake. Bodaboda kwenye mvua, abiria kajifunika nailoni. Huyu wa nailoni ningempa kioo cheupe chenye vinundu, maana ndicho hasa.

Wengi wanaoagiza mapambo ya kanisa siku hizi huja na stika. Ni plastiki iliyochapwa picha ya dirisha la Ulaya, inabandikwa juu ya kioo cha kawaida, na mistari ya risasi nayo imechapwa. Nimezibandika mwenyewe, nikalipwa, sitakataa. Lakini zinaniumiza, na si kwa sababu zinabanduka baada ya misimu michache ya jua. Ni kwa sababu zimetengenezwa kwa jua la kwingine.

Hapo ndipo nilipofika baada ya kusoma kote huko, na naomba msomaji unisikilize kidogo. Chartres iko mbali kaskazini ya ikweta. Kule jua la saa sita mchana liko kusini siku zote za mwaka. Dirisha kubwa la duara la kaskazini, wanaloliita la waridi, lile la Malkia Blanche wa Castille lenye maua yake ya kifalme, halipati jua la mchana hata siku moja. Linaishi kwa mwanga wa anga tu, nalo lilipewa bluu nyingi. Wakati wa baridi jua la kule linakaa chini, linaingia dirishani kwa ulalo na kufika mbali ndani. Waliotengeneza vioo vile waliishi ndani ya mwanga huo tangu kuzaliwa.

Sisi je? Iringa na Mbeya tuko kusini ya ikweta, lakini karibu nayo. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua la saa sita liko kaskazini yetu. Kisha linavuka juu ya utosi na kuhamia kusini, linakaa huko mpaka Februari iishe. Kuta zote mbili za kanisa hupata jua, kwa zamu! Ukuta wa kaskazini una Pasaka, Pentekoste na baridi ya Julai. Ukuta wa kusini una Majilio, Noeli na mvua. Tena mchana jua letu liko juu sana, mwanga unaopita dirishani hauendi mbali, unadondoka mita moja au mbili kutoka ukutani, palepale walipokaa watu wa mwisho wa benchi.

Niliposhika kalamu nikachora hayo kwenye kipande cha boksi, nilinyamaza muda mrefu. Bibi alikuwa sahihi. Mwanga wake ulikuwa unakuja Krismasi.

Kuna watu nje waliolijua hili la mahali, na ndio ninaowaheshimu. John Piper, Mwingereza, alikuwa mchoraji wa majengo. Ndege za Kijerumani zilipobomoa kanisa kuu la Coventry, Uingereza, usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, yeye alifika kesho yake akachora magofu yakiwa bado yanafuka moshi. Kanisa jipya lilipotabarukiwa mwaka 1962, ubatizoni kulikuwa na ukuta wa vioo karibu 200 aliouchora yeye na Patrick Reyntiens akautengeneza, katikati kuna njano na nyeupe inayolipuka kama jua, na pembeni bluu na nyekundu. Aliyechora moto ndiye aliyeleta mwanga.

Marc Chagall alianza vioo akiwa anakaribia miaka 70. Alifanya makanisa makuu, Metz na Reims, lakini mimi namkumbuka kwa Tudeley, kijiji kidogo cha Kent, Uingereza. Msichana wa miaka 21 alizama baharini mwaka 1963. Wazazi wakamwomba Chagall dirisha moja la kumkumbuka. Alipokwenda mwaka 1967 kuliona limefungwa, akalitazama kanisa lile dogo, akasema atayafanya yote. Yalikamilika 12 mwaka 1985, mwaka aliofariki. Kazi ya kioo ilifanywa na Charles Marq kule Reims: kioo chenye tabaka la rangi juu, kikichubuliwa kwa asidi pale inapotakiwa, ili rangi ipungue polepole ndani ya kipande kimoja bila kuweka risasi nyingine. Kanisa la kijiji! Mtu asiniambie mambo haya ni ya miji mikubwa.

Na tunao wa kwetu. Elimo Njau, Mtanzania wa Kilimanjaro, ndiye aliyechora kuta za kanisa la Murang'a huko Kenya miaka ya 1950, Kristo kazaliwa kwenye nyumba ya Kiafrika, milima ya pale ikiwa nyuma yake. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 Dar es Salaam na mbao za dari na rangi ya kupakia baiskeli. Alichukua alichokuwa nacho. Hatujui angefanya nini na kioo. Alikufa mwaka 1972 akiwa bado kijana. Na kabla ya wote hao, kuna waliochora kwa rangi nyekundu kwenye mwamba wa Igeleke, hapo karibu na Iringa mjini. Nilipokwenda kuutazama niliwahi asubuhi, na nilikaa mpaka kivuli kikasogea.

Mwaka jana, mwezi wa tano, walibomoa nyumba ya zamani Uhindini, hapa Mbeya. Juu ya mlango kulikuwa na kioo cha nusu duara, vipande vitano, viwili vyekundu. Nilimlipa mwenye kubomoa, nikavifunga kwenye godoro la mtoto. Kibandani nilipovunja ukingo wa kwanza nilikigeuza nikatazama unene wake kwa pembeni: cheupe, cheupe kabisa, na juu yake utando mwekundu mwembamba kama ngozi ya nyanya. Kumbe ni ileile akili ya mafundi wa zamani, ilikuwa inamsubiri mtu juu ya mlango wa Uhindini.

Mwezi wa saba nilipanda basi nikiwa na kipande hicho mapajani, sentimita 28 kwa 22, mpaka Iringa, kisha kijijini. Paroko wa sasa ni kijana, alinisikiliza akaniruhusu. Nilitoa kile cha bafuni, nikakwangua puti ya zamani, nikapaka mpya, nikakaza kipya. Akatazama kutoka ndani.

"Fundi, mbona kama cheusi?"

"Baba, subiri. Mwezi wa tisa ukiisha jua litaanza kukigusa asubuhi mapema. Desemba utakiona."

Bibi sasa anatembea kwa fimbo na anaomba asomewe hata namba za simu. Sikumwambia kitu. Krismasi tulimleta misa ya pili, akaenda mwenyewe mpaka mwisho wa benchi, ukutani. Mawingu yalikuwa mengi. Injili ikapita, mahubiri yakapita, sadaka ikatolewa, na mimi nilikuwa upande wa wanaume nimeng'ang'ania benchi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Ni wakati wa matangazo, katekista akisoma michango ya ujenzi, mawingu yalipoachia.

Bibi alitazama mapaja yake. Kisha akaikunja khanga, akasogea kidogo kulia, akampapasa mtoto wa dada yangu aliyekuwa amesimama kwenye kijia, akamvuta akamketisha pale ukutani palipokuwa pekundu.